Kushusha gari la foowili

Kushusha gari la foowili ni kupunguza kimo cha bodi juu ya magurudumu kwa kubadilisha springi au sehemu zinazozishikilia. Foowili ni gari ambalo injini yake inaweza kusukuma magurudumu yote manne, kwa mfano Land Rover, Toyota Land Cruiser na pikapu nyingi za Toyota Hilux. Wanaolishusha hutaka litulie kwenye kona za lami, liwe rahisi kupanda na kupakia, au lipendeze tu machoni.

Namna ya kushusha

Njia hutegemea aina ya springi. Springi ya koili hubadilishwa kwa nyingine fupi. Wapo mafundi wanaoikata kwa msumeno. Ikikatwa huwa ngumu kuliko awali, kwa kuwa mizunguko yake imepungua. Kuichoma moto ili ikae chini ni vibaya zaidi: joto huharibu uimara wa chuma, na springi huendelea kuzama au hukatika njiani.

Springi ya mabamba hushushwa kwa kutoa bamba moja au kupunguza upinde wake. Kipo pia kipande cha chuma kinachofungwa kati ya springi na ekseli. Springi ikiwa chini ya ekseli, kipande hicho hushusha gari. Ikiwa juu ya ekseli, hulinyanyua. Mitsubishi Pajero za zamani zina toshenba mbele, yaani fito za chuma zinazojisokota badala ya springi, na hizo hushushwa kwa kulegeza boliti zake. Range Rover ilianza kupatikana na mifuko ya hewa mwaka 1992. Hiyo humruhusu dereva kubadili mawazo lami inapoishia.

Kinachopungua

Wengi hudhani difu ndiyo inayoshuka. Kwenye gari lenye ekseli nzima sivyo: difu imo ndani ya ekseli, na ekseli hubebwa na matairi. Umbali wa difu na ardhi hubadilika kwa ukubwa wa tairi au upepo wake, si kwa springi. Kinachoshuka ni chesisi, tangi la mafuta, ngazi za pembeni na bampa. Kwenye gari ambalo kila gurudumu hucheza peke yake, difu hufungwa kwenye chesisi, hivyo nayo hushuka.

Hasara kubwa zaidi haionekani gari likiwa limesimama. Kati ya ekseli na raba ya kuzuia mgongano kuna nafasi ambayo gurudumu hutumia kupanda likikuta shimo au jiwe. Tuseme ni sentimita 8. Gari likishushwa sentimita 5, zinabaki 3. Baada ya hapo kila kishindo huingia moja kwa moja kwenye chesisi, na shokapu hugonga mwisho wake na kuanza kuvuja.

Breki nazo huguswa. Baadhi ya pikapu zina vali ya breki za nyuma inayopima umbali kati ya bodi na ekseli. Bodi ikishushwa, vali huona kama gari limebeba mzigo na kupeleka nguvu nyingi nyuma. Gari likiwa tupu kwenye tope, magurudumu ya nyuma hujifunga na gari huteleza.

Nachingwea na Ruangwa

Wilaya hizi mbili za Mkoa wa Lindi zina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Mauzo ya korosho huanza karibu Oktoba, hivyo magunia huweza kuwa bado yanapelekwa kwenye maghala ya vyama vya msingi mvua zikianza. Malori yakipita kwenye udongo laini huacha mifereji miwili na tuta katikati. Pikapu iliyoshushwa ikiingia humo hukalia tuta kwa tumbo, magurudumu yakizunguka bure. Foowili haisaidii kitu tairi zikikosa uzito juu yake.

Mzigo nao hushusha. Magunia 10 ya kilo 80 ni kilo 800, na springi iliyotolewa bamba huzibeba ikiwa tayari imekaribia raba. Pikapu nyingi zinazobeba mazao, kwa kweli, zimeshashuka zenyewe kwa springi kuchoka. Ili kujua, gari husimamishwa tupu mahali tambarare, kisha hupimwa kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, pande zote mbili. Upande mmoja ukiwa chini kuliko mwingine, springi za ekseli hiyo hubadilishwa zote mbili kwa pamoja.