Safari ndefu ya umeme hadi Marereni: Kwa nini nyaya hufuata mteja, si mtambo

UMEME si mgeni katika Mwambao wa Kenya. Mombasa ni mojawapo ya miji miwili ya kwanza nchini kuwa na kampuni ya umeme, mnamo 1908. Hata hivyo, ukielekea kaskazini, kupita Malindi na kuingia katika nchi ya chumvi ya Gongoni na Marereni, zaidi ya karne moja baadaye ungali utapata nyumba ambazo mwanga wake ni wa koroboi au wa kipande cha sola kilichowekwa juu ya paa.

Pengo hilo haliwezi kuelezwa kwa umbali peke yake, wala kwa uhaba wa umeme nchini. Asili yake imo katika namna gridi ya taifa ilivyojengwa. Tangu mwanzo, nyaya zilielekezwa kwa mteja mwenye uwezo wa kulipa, na wala si lazima ziwafikie wanaoishi karibu na mtambo. Anayefahamu kanuni hiyo ataelewa kwa nini Mwambao umekuwa mwenyeji wa mitambo mingi huku baadhi ya vijiji vyake vikisubiri.

Kumbukumbu za kampuni ya Kenya Power zinaanza historia hii Unguja. Zinaeleza kwamba Sultani Seyyid Barghash alinunua jenereta mnamo 1875 ili kuangaza kasri lake na barabara za karibu. Mnamo 1908 mtambo huo ulinunuliwa na Harrali Esmailjee Jeevanjee, mfanyabiashara wa Mombasa, ukaishia mikononi mwa Kampuni ya Umeme ya Mombasa. Mwaka uo huo, mhandisi Clement Hertzel alipewa idhini ya kipekee ya kusambaza umeme Nairobi.

Ikumbukwe kwamba ukanda wa maili kumi wa Mwambao, kutoka Vanga hadi Kipini, ambamo Marereni imo, ulihesabiwa kuwa milki ya Sultani wa Zanzibar hadi 1963. Bendera ilikuwa moja, lakini taa hazikufuata bendera. Zilikwenda kwenye bandari, maghala, ofisi za serikali na nyumba za matajiri.

Mnamo 1922 kampuni za Mombasa na Nairobi ziliunganishwa, ikazaliwa East African Power and Lighting. Ilikuwa kampuni ya kibiashara yenye wenyehisa waliotarajia faida, nayo ilipanua shughuli zake Afrika Mashariki. Mnamo 1932 ilipata usemi mkubwa katika TANESCO ya Tanganyika, na mnamo 1936 ikapewa leseni ya Uganda.

Ushirika huo wa nchi tatu haukudumu. Uganda iliunda bodi yake ya umeme mnamo 1948, na Serikali ya Tanzania ikainunua TANESCO mnamo 1964. Kampuni hiyo ilipobaki na Kenya pekee, ilibadilishwa jina mnamo 1983 kuwa Kenya Power and Lighting, ambayo Wakenya wanaijua leo kwa jina la Kenya Power.

Katika miongo hiyo yote, Kenya haikuwa na umeme wa kujitosheleza. Bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa Jinja mnamo 1954, iliundwa kampuni ya pili, Kenya Power Company, ili kujenga njia ya nyaya kutoka Tororo hadi Nairobi. Nchi iliyojipatia uhuru mnamo 1963 ilikuwa ikinunua sehemu kubwa ya mwanga wake kutoka kwa jirani.

Suluhisho lilitafutwa katika Mto Tana. Bwawa la Kindaruma lilianza kazi mnamo 1968, likafuatwa na Kamburu mnamo 1974, Gitaru mnamo 1978, Masinga mnamo 1981 na Kiambere mnamo 1988. Mabwawa hayo, yanayojulikana kwa pamoja kama Seven Forks, yakawa uti wa mgongo wa kawi nchini.

Hapo ndipo kinaya cha historia hii kinapojitokeza. Mto Tana humwaga maji yake baharini karibu na Kipini, kaskazini mwa Marereni. Maji yale yale yaliyozungusha mitambo ya Seven Forks yaliteremka hadi Garsen na nchi ya Wapokomo, lakini umeme wake ulipanda kwenda Nairobi, na tawi jingine likapelekwa Mombasa kwa njia ya volti 220,000 inayotoka Kiambere hadi Rabai. Waliokaa mtoni chini walibaki na mafuriko na kiangazi, na mwanga ukapita mbali nao.

Sababu yake ni ya kihesabu. Kujenga kilomita moja ya nyaya katika mtaa wenye nyumba mia mbili hakugharimu mara kumi zaidi ya kuijenga katika kijiji chenye nyumba ishirini. Mapato, hata hivyo, hutofautiana kwa kiasi hicho au zaidi, kwa kuwa wa kijijini huwasha taa mbili na kuchaji simu, ilhali wa mjini ana jokofu, pasi na televisheni. Kampuni inayoongozwa na hesabu hiyo pekee itakwenda mjini kila mara.

Kwa mantiki hiyo, mteja wa kuvutia huko Marereni ni kiwanda cha chumvi. Chumvi ya pwani hiyo hukaushwa kwa jua na upepo katika mabwawa ya maji ya bahari, lakini pampu za kuvuta maji, mashine za kusaga na za kupakia zinahitaji kawi. Kiwanda kimoja huweza kutumia umeme mwingi kuliko vijiji kadhaa vinavyokizunguka.

Serikali ilitambua tangu zamani kwamba soko peke yake halingefika mashambani. Mnamo 1973 ilianzisha mpango wa kusambaza umeme mashambani, ambao baadaye ulichangiwa na ushuru wa asilimia 5 katika ankara za wateja. Kwa maneno mengine, aliyekuwa na umeme alimchangia asiyekuwa nao. Hatua zilikuwa za kobe. Sheria ya Kawi ya 2006 ilipounda Halmashauri ya Kusambaza Umeme Mashambani (REA), lengo la kwanza lilikuwa kufikia shule za upili, vituo vya afya na masoko.

Lengo hilo lilikuwa na busara, ila lilizaa hali ambayo wakazi wengi wa Kilifi wanaifahamu. Transfoma iliwekwa penye zahanati au shule, nguzo zikasimama, lakini nyumba zilizo hatua chache kutoka hapo zikabaki gizani kwa sababu ada ya kuunganishiwa ilikuwa takriban Sh35,000. Kwa mvuvi, mkulima wa mahindi au kibarua wa chumvi, hicho hakikuwa kiasi cha kutolewa kwa mkupuo mmoja.

Ndiyo maana mradi wa Last Mile, uliozinduliwa mnamo 2015 kwa mikopo ya Benki ya Maendeleo ya Afrika na wafadhili wengine, ulibadilisha mambo mengi. Ada ilishushwa hadi Sh15,000, ikaruhusiwa kulipwa kidogo kidogo, na nyumba zilizo ndani ya mita 600 kutoka kwa transfoma zikalengwa. Wateja wa Kenya Power, waliokuwa takriban milioni 2.3 mnamo 2013, walipita milioni 9 kufikia 2023.

Katika miaka iyo hiyo, kaskazini mwa Mwambao ilipata njia yake kuu. Shirika la KETRACO, lililoundwa mnamo 2008 ili kujenga njia za kusafirishia umeme, lilijenga njia ya volti 220,000 kutoka Rabai kupitia Malindi na Garsen hadi Lamu. Ilipokamilika katikati ya muongo wa 2010, Lamu, iliyokuwa ikitegemea mitambo ya dizeli, iliunganishwa na gridi ya taifa.

Minara ya chuma ya njia hiyo huzua swali ambalo husikika mara kwa mara: iweje umeme upite juu ya shamba la mtu na usiingie nyumbani mwake? Jibu limo katika nguvu za umeme wenyewe. Umeme husafirishwa masafa marefu kwa volti nyingi ili usipotee njiani kama joto. Taa ya nyumbani inahitaji volti 240 pekee.

Ili kutoka kiwango hicho cha juu hadi cha chini, umeme hupitia ngazi. Kituo kikubwa huushusha hadi volti 33,000 au 11,000, ukasafiri kwa nguzo za kawaida hadi kijijini, kisha transfoma ya mtaani huushusha tena hadi kiwango cha matumizi ya nyumbani. Kituo kikubwa hugharimu pesa nyingi, kwa hivyo hujengwa Malindi au Garsen na hakiwezi kujengwa katika kila kijiji. Minara mikubwa basi haimfaidi mkazi hadi nguzo ndogo na transfoma zijengwe.

Kuwa katika gridi pia kuna gharama yake, kwani aliyeunganishwa na wote hupata matatizo ya wote. Ukame wa 1999 na 2000 ulipokausha mabwawa ya Tana, nchi nzima ililazimika kupewa umeme kwa zamu. Mnamo Juni 2016, tumbili aliingia katika kituo cha Gitaru na kuangukia transfoma, mitambo ikajizima kwa kulemewa, na Kenya ikakosa umeme kwa saa kadhaa. Mnamo Agosti 2023 giza lilitanda tena karibu kote nchini.

Ukame ule ulisukuma serikali kutegemea zaidi mitambo ya mafuta, na mahali palipofaa zaidi ni penye bandari. Kipevu ilipata mitambo mipya mnamo 1999, 2001 na 2011, na Rabai, katika Kaunti ya Kilifi, ikapata mtambo wa megawati 90 uliokamilika mnamo 2010. Gharama ya mafuta hayo huonekana katika ankara ya kila mwezi, na bei ya mafuta inapopanda duniani, mteja hulipa zaidi.

Tangu hapo nchi imegeukia mvuke wa ardhini wa Olkaria, ambao sasa ndio chanzo kikubwa zaidi, pamoja na upepo wa Turkana na umeme wa Ethiopia unaonunuliwa tangu 2022. Malindi nayo ilipata mtambo wa jua wa megawati 40 huko Langobaya, ulioanza kazi mnamo Desemba 2021. Umeme wake huuzwa kwa Kenya Power chini ya mkataba wa miaka 20 na kuingia katika gridi, ambako hauna anwani ya Langobaya wala ya Marereni.

Mtambo huo una upungufu mmoja wa kimaumbile. Jua huzama saa kumi na mbili jioni, na matumizi ya umeme nchini hufikia kilele saa moja hadi saa tatu usiku. Pasipo betri kubwa za kuhifadhia, mwanga wa usiku Malindi utaendelea kutoka Olkaria, Tana au Kipevu.

Wakati huohuo, Mwambao umeendelea kuombwa ardhi kwa mitambo mingine. Mpango wa kuchoma makaa ya mawe Lamu ulikwama mnamo Juni 2019, Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ilipofuta leseni yake. Mpango wa kinu cha nyuklia Uyombo, kusini mwa Watamu, ulipingwa na wakazi, walioandamana mnamo 2024 wakihofia uvuvi wao na msitu wa Arabuko-Sokoke.

Upinzani huo mara nyingi hutafsiriwa kama kukataa maendeleo. Historia hii inatoa tafsiri nyingine. Mwenye kuombwa ardhi kwa ajili ya mtambo amejifunza kwamba kukaa karibu nao hakumhakikishii taa wala bei nafuu, ilhali moshi, kelele na hatari, kama zipo, hubaki kwake.

Katiba ya 2010 ilitoa nafasi ya kurekebisha hali hiyo. Jedwali lake la Nne linazipa kaunti jukumu la usambazaji wa umeme na gesi pamoja na usimamizi wa kawi katika maeneo yao, na Sheria ya Kawi ya 2019 inazitaka ziandae mipango yao ya kawi. Kaunti ya Kilifi basi si mtazamaji katika suala hili.

Kwa mkazi wa Marereni, maswali ya kuuliza katika baraza au kikao cha bajeti ni machache na yanajibika. Transfoma iliyo karibu iko umbali gani, na inaweza kubeba nyumba ngapi zaidi? Ni vijiji gani vimo katika awamu ijayo, na pesa zake zimetengwa wapi? Panapoombwa ardhi ya mtambo au ya kupitishia nyaya, je, transfoma za vijiji jirani zimeandikwa ndani ya mkataba kabla ya sahihi kutiwa?