Dawa ya Maungo Yaweza Kuliumiza Tumbo

Mgongo ukiuma baada ya kazi ya sulubu, au goti likivimba kutokana na mbio, wakazi wengi wa Pioneer na mitaa mingine ya Eldoret hukimbilia duka la dawa kununua vidonge vichache vya diclofenac au ibuprofen. Maumivu hutulia. Kesho yake hununua tena. Msomaji, mazoea haya yanaweza kukuletea vidonda vya tumbo, na hata kuhatarisha maisha yako.

Tumbo hutoa asidi kali ya kusaga chakula. Ute unaofunika ukuta wake wa ndani ndio huukinga usichomwe na asidi hiyo. Mnamo 1971, John Vane wa Uingereza alionyesha kwamba aspirin na dawa za aina yake huuzuia mwili kutengeneza prostaglandini, kemikali zinazochangia uvimbe na maumivu. Ugunduzi huo ulimwezesha kushiriki Tuzo ya Nobel ya 1982. Lakini kemikali hizo hizo ndizo hudumisha ute wa tumbo. Ukizizuia, goti hupata nafuu huku tumbo likipoteza kinga.

Kwa hivyo, kula kabla ya kumeza dawa si kinga kamili. Hata sindano ya diclofenac haikwepi madhara haya, kwani dawa hulifikia tumbo kupitia damu.

Walio hatarini zaidi ni wazee, waliowahi kuugua vidonda vya tumbo, wanywaji pombe na wanaotumia prednisolone. Hatari huongezeka pia ukichanganya dawa mbili za aina hii, ilhali majina tofauti kwenye pakiti hukufanya udhani hazihusiani.

Usingoje tumbo liume. Kidonda kinaweza kuvuja damu bila maumivu yoyote. Chunguza choo chako. Mama mjamzito anayemeza vidonge vya madini ya chuma huweza kupata choo cheusi, na hilo si la kutisha. Lakini choo cheusi kinachonata kama lami na chenye harufu mbaya kupita kawaida ni dalili ya damu. Ukikiona, au ukitapika damu au kitu kinachofanana na machicha ya kahawa, nenda hospitalini mara moja, hata kama ni usiku.

Ufanyeje basi? Kwa maumivu ya kawaida, mtu mzima aanze na paracetamol, asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 kwa siku. Mwenye ugonjwa wa ini au anayekunywa pombe sana amwone daktari kwanza. Maumivu yakiendelea kwa siku kadhaa, tafuta chanzo chake badala ya kuongeza vidonge. Ikiwa daktari alikuandikia aspirin kwa ajili ya moyo, usiiache bila kumwuliza.

Na ukiwa dukani, mweleze muuzaji dawa zote unazotumia kabla ya kulipa.