Mwezi, Taa na Mkesha: Wenyeji na Wageni Usiku wa Sikukuu, Gitaza hadi Rumonge

Makala haya yanafafanua usiku wa sikukuu katika mwambao wa Burundi wa Ziwa Tanganyika, kuanzia Gitaza hadi mji wa Rumonge. Hoja yake ni kwamba, kwa familia za wavuvi, mwezi wa angani huamua nani atasherehekea kabla kalenda ya serikali haijaamua.

Ndagala, ambao watu wa Kigoma huwaita dagaa, huvuliwa usiku kwa taa. Mbalamwezi ikitanda, taa hupoteza nguvu ya kuwavuta samaki, mitumbwi hupumzika na wavuvi hubaki nchi kavu. Mkesha wa Mwaka Mpya wa 31 Desemba 2009 uliangukia mwezi mpevu; ule wa 2024 uliangukia giza la mwezi. Tarehe ni ileile, ila usiku wa pili ni usiku wa kazi. Idi el-Fitri ina ugumu zaidi: daima huja na mwezi mwandamo, hivyo mvuvi Mwislamu wa Rumonge hulazimika kuchagua kati ya sikukuu na siku bora za uvuvi. Idi el-Haji, inayoangukia siku ya kumi ya mwezi, humwonea huruma kidogo.

Neno “mgeni” nalo lahitaji uangalifu. Mfanyakazi wa shirika la kimataifa anayeshuka kutoka Bujumbura kwa barabara ya RN3, akitafuta ufuo, mishikaki na bia, ni mgeni wa siku moja. Mkongomani wa Fizi ni mgeni wa namna nyingine; Januari 2018 maelfu walivuka ziwa kukimbia mapigano, wakafikia Rumonge na Nyanza-Lac. Yupo pia Mrundi aliyezaliwa Tanzania baada ya wazazi wake kukimbia mwaka 1972: kisheria ni mwenyeji, lakini majirani huweza kumtambua kwa lafudhi. Kiswahili huwakutanisha hawa kwa urahisi kuliko Kifaransa, hasa mjini Rumonge. Gitaza, chini ya milima, Kirundi ndicho kinachotawala.

Kwa washauri wa sera, athari ni ya moja kwa moja. Utafiti wa mapato ya utalii au wa utangamano unaofanywa katika mkesha mmoja wenye giza utawahesabu wanywaji wa ufuoni na kuwakosa wenyeji. Mgeni huona safu ya taa ziwani akaidhani pambo la sikukuu. Ndiko wenyeji waliko. Hojaji kama hiyo ipangwe kwa mikesha miwili, mmoja wa giza na mmoja wa mbalamwezi.