Mashini inajipunguza nguvu katikati ya mchezo: shida iko wapi?

Kijana anacheza mpira kwenye laptop, mara picha zinaanza kukatika-katika. Wengi wanasema mashini imekufa. Mbele ya kutoa franga kwa fundi, apime hivi.

Kwanza, sharja. Umeme ukienda, mashini inarudi kwenye bateri na kupunguza mwendo. Kwenye Windows 10, bateri ikishuka hadi 20%, kawaida inaanza kujibana yenyewe.

Kama umeme upo, afungue dirisha jeusi la amri, aandike powercfg /getactivescheme mbele ya mchezo, kisha tena wakati mchezo unaendelea. Jina likibadilika, kuna programu inayobadilisha mpango wa umeme, mara nyingi ile ya mtengenezaji wa mashini. Azime programu hizo moja moja, apime tena. Hakuna cha kununua.