Hagadera, mshale wa spidi hufufuliwa uani

Ukipanda bodaboda au bajaji kati ya mji wa Dadaab na kambi ya wakimbizi ya Hagadera, nchini Kenya, tupia jicho mita iliyo mbele ya dereva. Mara nyingi mshale umelala kwenye sifuri na chombo kinakwenda mbio, mchanga unakupiga magotini. Nilianza kuziangalia nikiwa abiria tu, kisha nikashindwa kuacha. Sifuri hapa, sifuri pale, na nyingine mshale umekwama kwenye arobaini ilhali pikipiki imeegeshwa kivulini. Madereva niliowauliza walisema wanajua mwendo wao kwa mlio wa injini.

Ndipo nikaelekezwa kwa fundi mmoja wa Hagadera ambaye haruhusu pikipiki itoke kwake na mshale uliokufa, hata kama imeletwa kwa ajili ya breki.

Ameomba jina lake lisiandikwe. Alifika kambini akiwa mtoto wa kubebwa, zama zile kambi za Dadaab zilipofunguliwa kwa ajili ya watu 90,000. Leo wamo zaidi ya laki tatu. Kiswahili alikipata shuleni humo humo, ufundi akaupata kwa ndugu wa mama yake aliyewahi kuendesha malori. Karakana yake ni ua wa nyumbani: uzio wa miti ya miiba, turubai la kivuli, sanduku la spana, na mpwa wake anayemwita "abti", yaani mjomba kwa Kisomali, kila anapotaka kuuliza jambo.

"Mshale ukifa watu wanasema mita imeharibika," aliniambia. "Wananunua mita nzima. Mita haina kosa, walaal (ndugu). Mwenye kosa yuko huku chini, kwenye gurudumu."

Pikipiki iliyokuwa mbele yake ni Boxer. Aliisimamisha kwa stendi kubwa, akaingiza jiwe chini ya injini ili gurudumu la mbele lining'inie. Nyuma ya mita alifungua nati ya kebo kwa vidole vitupu, kisha akamwambia mpwa wake azungushe gurudumu kwa mkono. Sote tukaitazama ncha ya waya. Haikusogea. Ingezunguka, ugonjwa ungekuwa kwenye mita. Kwa kuwa imetulia, ama waya imekatika, ama meno ya gia ndogo iliyo kwenye habu yameliwa. Akalegeza skrubu ya chini, akavuta. Waya ikatoka nusu, na nusu yake ya pili ikatolewa kwa upande wa juu, imejaa weusi mzito unaokwaruza ukiusugua kati ya vidole.

"Hii ilikuwa grisi. Mchanga ukiingia, inakuwa msasa. Kila ukienda sokoni unaisaga."

Kebo mpya aliilaza kando ya ile kuukuu, ncha kwa ncha, kuhakikisha urefu ni ule ule. Akachomoa waya ya ndani, akaipaka grisi kwa ncha za vidole, kidogo sana, akakomea upana wa vidole vinne kabla ya ncha ya juu. Sehemu hiyo aliiacha kavu. Waya inapozunguka, alieleza, grisi hupanda nayo pole pole hadi ndani ya mita, na mshale ukishalowa hunata. Wengi hushindilia grisi wakidhani wanaitunza kebo, kumbe wanaiua mita.

Kuifunga kulichukua muda kuliko kuifungua. Kebo ilipita njia ile ile ya zamani, bila kukunjwa kwa ukali popote, kwa sababu kona kali ndiyo inayofanya mshale utetemeke. Aliukata usukani wote kushoto, kisha wote kulia, akitazama kama kebo inavutika au inabanwa. Ncha ya waya ni ya pembe nne na tundu lake ni la pembe nne, kwa hiyo mpwa alizungusha gurudumu taratibu huku fundi amefumba macho, akisikiliza kwa vidole, mpaka ncha ikadumbukia mahali pake. Hapo tu ndipo alipokaza nati.

Nilidhani tumemaliza. Yeye akaingia ndani, akarudi na mita ya zamani iliyopasuliwa, ambayo humwonyesha kila anayemwambia kwamba kazi hii ni upuuzi. Na mimi hapo ndipo niliponaswa. Waya inayotoka kwenye gurudumu haikushikana na mshale. Inazungusha sumaku ndogo. Sumaku hiyo imekaa ndani ya kikombe cha alumini bila kukigusa, na mshale umefungwa kwenye kikombe. Alumini haivutwi na sumaku, kila mtu anajua, lakini sumaku inapozunguka huamsha umeme mdogo ndani ya alumini, na umeme huo hukifanya kikombe kitake kuifuata. Springi nyembamba iliyoviringwa inakizuia. Mwendo ukizidi, kikombe kinaishinda springi zaidi, na mshale unapanda. Mjerumani Otto Schulze alikipatia hataza kifaa hiki mwaka 1902.

Fundi alichomeka kipande cha waya, akakisokota kati ya viganja. Mshale ukainuka. Akaacha, ukarudi. Nikaomba arudie, naye akarudia bila kuchoka, na watoto wa jirani wakasogea.

Hesabu ya kilomita ni habari nyingine. Yenyewe inaendeshwa na waya ile ile, lakini kwa gia, jino kwa jino. Sumaku ikichoka kwa uzee, mshale utasoma chini ya mwendo halisi, ilhali kilomita zitaendelea kuhesabiwa sawasawa. Kebo ikikatika, vyote viwili vinasimama, na hilo ndilo linalomuuma fundi kuliko spidi. Dereva asiyejua amekwenda kilomita ngapi hubadilisha oili akikumbuka, au injini inapoanza kugonga. Hapa chujio la hewa hujaa vumbi upesi na injini ndiyo mlo wa familia.

Vipuri vinatoka Garissa, umbali wa kilomita kama 100, au Nairobi, Kirinyaga Road. Mkimbizi haondoki kambini bila kibali cha safari, kwa hiyo fundi huagiza kupitia madereva na kulipa kwa M-Pesa. Aliwahi kutuma picha, akaletewa kebo fupi. Siku hizi anatuma kamba: fundo la kwanza ncha ya chini, fundo la pili ncha ya juu. Kamba zake zimefika madukani ambako yeye hajawahi kufika.

Mvua za El Niño za mwisho wa 2023 zilipokata barabara, alitengeneza kebo kutokana na ya gari, iliyo ndefu zaidi. Waya hizi zimesukwa tabaka juu ya tabaka, kila tabaka na upande wake, na ukizikata ovyo zinafumuka. Kwa hiyo alitia risasi mahali pa kukatia kwanza, akaiacha ipoe, ndipo akakata na kuigongagonga ncha hadi ikapata pembe nne. Pikipiki hiyo bado iko barabarani.

Mita ya Boxer tuliyokuwa nayo ilisoma zaidi ya kilomita 40,000. Huo ni mzingo wa dunia. Mwenye pikipiki, kijana aliyezaliwa Hagadera, alisema ameinunua mpya na haijapita Hagadera kwa upande mmoja wala kambi ya Dagahaley kwa upande wa pili. Nilimuuliza fundi analionaje jambo hilo. Akasema mita haihesabu kibali, inahesabu gurudumu.

Pembeni ya uzio kulikuwa na pikipiki nyingine iliyofunikwa gunia. Mita yake ni ya kidijitali, haina kebo, ina sensa na waya mbili za umeme, na kioo chake kimezima. Fundi ameifungua na kuifunga zaidi ya mara moja. Soketi amezisafisha, waya amezijaribu kwa balbu, hakuona kosa. Anajua zitakuja nyingi za namna hiyo. Aliniuliza kama kuna mahali panapofundisha kuzitengeneza, na kama wanaofundisha wangekubali kuja Hagadera au ni yeye atakayelazimika kuomba kibali cha kuwafuata. Nimeuliza Garissa, na sasa nauliza Nairobi. Bado sijampelekea jibu.