Gari Limenunuliwa, Kadi Haipo: Tufanye Nini?



Ofisi ya miradi huulizwa mara kwa mara: "Tumenunua gari lililotumika, fedha tumemaliza kulipa, lakini muuzaji ametupa kivuli cha kadi tu. Tufanyeje?" Tunajibu kwa yaliyotukuta sisi wenyewe.

Usharika mmoja wa dayosisi yetu ulinunua pikapu ya zahanati kwa sadaka za washarika na mchango wa wafadhili. Muuzaji aliahidi kuleta kadi halisi baada ya wiki moja. Ikapita miezi mitatu. Kamati ikakusudia kutoa taarifa polisi kwamba kadi imepotea, kisha kula kiapo ili ipatikane nyingine. Nia ilikuwa njema, kwani wajawazito walikuwa wakipelekwa hospitali kwa bodaboda wakati gari limeegeshwa nyuma ya kanisa. Hata hivyo tuliwaomba wasubiri. Kadi haikuwahi kufika mikononi mwao. Wangeapaje kwamba imepotea? Kiapo cha uongo ni kosa kisheria, na ni dhambi mbele za Mungu.

Tulisoma kile kivuli kwa makini. Jina lililoandikwa halikuwa la muuzaji. Ofisi ya Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ikathibitisha kwamba mmiliki aliyesajiliwa ni mtu mwingine. Muuzaji wetu alinunua kwake bila kubadilisha umiliki. Tulipomfikia mmiliki huyo, ilibainika kuwa kadi haijapotea kabisa: ilikuwa kwa mkopeshaji, dhamana ya deni.

Hivyo basi, swali la kwanza ni hili: kadi iko wapi, na gari limesajiliwa kwa jina la nani? Jibu ndilo linaloonyesha njia:

1. Kadi imepotea kweli. Mmiliki aliyesajiliwa ndiye anayetoa taarifa polisi, anayeapa, na anayeomba TRA kadi nyingine. Mnunuzi hawezi kufanya hayo kwa niaba yake kienyeji.

2. Kadi ni dhamana ya mkopo. Deni lilipwe kwanza, na mkopeshaji aandike barua ya kuachia dhamana.

3. Mmiliki amefariki. Anayeweza kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Mjane au mtoto peke yake, bila uteuzi huo, haitoshi.

4. Mmiliki hajulikani. Gari lisitumike. Polisi wakague namba ya chesisi na ya injini, kwani huenda ni la wizi. Kwa kawaida, chini ya Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, mnunuzi hapati haki kubwa kuliko aliyokuwa nayo muuzaji. Kununua kwa nia njema hakufanyi gari la wizi kuwa lako.

Kadi ikipatikana, kazi bado haijaisha. Umiliki uhamishwe TRA kwa mkataba wa mauziano, kadi halisi na namba za mlipakodi (TIN) za pande zote mbili, pamoja na kulipa ada na ushuru wa stempu. Aidha, gari la usharika lisiandikwe kwa jina la mchungaji au mtunza hazina. Liandikwe kwa jina la Bodi ya Wadhamini ya dayosisi, ambayo ndiyo inayomiliki mali kisheria. Viongozi huhama na hufariki, na mali ya Kanisa isiingie kwenye mirathi ya mtu.

Pikapu ile ilipata kadi baada ya miezi minane, mmiliki alipomaliza deni lake. Kamati haikuwa na cha kumbana muuzaji, kwa sababu fedha zote zilikwisha kutoka. Tuliwaandikia wafadhili ukweli wote, nao wakatuvumilia. Tunawashukuru sana.

Tangu hapo tumeweka utaratibu: kabla ya kulipa, kamati ione kadi halisi, ilinganishe jina na kitambulisho cha muuzaji, na namba na zile zilizo kwenye gari. Faini za barabarani zinazodaiwa nazo ziangaliwe. Sehemu ya fedha ibaki mpaka umiliki uhamishwe.

Kamati yenye gari lisilo na kadi ije ofisini mapema, kabla haijaapa chochote.