Wapishi wa Karamu

Wanangu, nikitaja karamu najua pua zenu zinakimbilia pilau. Leo nawapeleka mbali, mji wa Cleveland, jimbo la Ohio, Marekani, kwenye jumba la maigizo linaloitwa Karamu House. Lilipewa jina hilo mwaka 1941, na wenyewe husema kwamba kwa Kiswahili ni mahali pa kukutana kwa furaha. Sisi tunajua karamu ni chakula cha wengi, lakini hawakukosea sana: nani amewahi kufanya karamu peke yake?

Mambo yalianza 1915. Mume na mke Wazungu, Russell na Rowena Jelliffe, waliosoma chuo cha Oberlin, walifungua nyumba ya jamii mtaani, mlango wazi kwa watu wa kila rangi, katika nchi ambayo milango mingi ilifungwa kwa Weusi. Watu wa mtaa wakaunda kikundi cha maigizo, kikaitwa Gilpin Players kwa heshima ya Charles Gilpin, mwigizaji Mweusi aliyevuma New York. Miongoni mwa vijana waliopita pale ni Langston Hughes, akiwa bado mwanafunzi wa sekondari. Alipokuja kuwa mwandishi, kikundi hichohicho kiliigiza tamthilia zake.

Mwaka 1939 moto ukaliteketeza jumba lao. Tulieni hapa kidogo. Moto wa namna hiyo hauli kuta tu. Unakula maleba yaliyoshonwa usiku na mchana, mapazia, mbao za mandhari zilizopakwa rangi kwa mikono, waya na taa zilizonunuliwa moja moja. Vita Kuu ya Pili nayo ikapita. Jumba jipya, lenye majukwaa mawili, likafunguliwa 1949. Hesabuni wenyewe: mtoto aliyezaliwa mwaka wa moto alikuwa ametimiza miaka kumi. Miaka hiyo yote kuna waliozunguka wakiomba michango kwa ajili ya jumba ambalo lilikuwa bado kwenye karatasi, na mimi nawaheshimu hao kuliko hata waigizaji.

Pale ndipo alipoigiza Robert Guillaume akiwa kijana. Mnamjua, ingawa mnadhani hamumjui: ndiye sauti ya yule nyani Rafiki katika filamu ya The Lion King ya 1994. Yeye tumemsikia. Lakini waliokuwa wakimwashia taa je? Kwenye karamu mgeni husifu pilau, na mpishi yuko uani, moshi machoni.

Basi twendeni uani. Nyuma ya pazia ni giza. Msimamizi wa jukwaa amevaa nguo nyeusi, kisikilizio sikioni, na mbele yake kuna nakala ya tamthilia iliyojaa alama za penseli. Sakafuni vimebandikwa vipande vidogo vya utepe vinavyong'aa gizani, kuonyesha kiti kiwekwe wapi, maana kikisogea shubiri moja tu mwigizaji atakaa nje ya mwanga. Msimamizi ananong'ona: "Taa ya arobaini na mbili, jiandae." Kimya. "Haya." Kidole kimoja kinabonyeza, na alfajiri inaingia jukwaani.

Kidole hicho ni cha nani? Swali hili si dogo. Taa iliyopangwa kwa kumfikiria mtu mweupe ikimwangukia mweusi tii, uso wake unaweza kupotea au ukawa wa kijivu kama majivu. Fundi aliyekua akiitazama ngozi hiyo nyumbani kwao huongeza mwanga wa ubavuni, akachagua rangi yenye joto, na mashavu yakarudi. Nywele nazo ni vivyo hivyo: zinataka mkono unaozijua.

Lakini kwa miaka mingi Marekani kazi hizi zilirithishwa, baba kwa mwana, mjomba kwa mpwa, na penye mafunzo mara nyingi mwanafunzi hakulipwa hata senti. Mtoto wa maskini angekula nini miezi yote hiyo? Mwaka 2020 wasanii wengi wa huko walilisema jambo hili kwa sauti kubwa. Kwa hiyo jumba likichangisha fedha za kufungua tena milango, kapu lisiwe la saruji na rangi peke yake. Humo iwemo pia nauli na posho ya yule kijana anayejifunza kufunga taa juu ya ngazi.

Mwaka huohuo wa 2020 korona ilifunga majumba ya maigizo. Mafundi wana desturi ya zamani: wa mwisho kutoka huacha balbu moja ikiwaka juu ya mlingoti katikati ya jukwaa, ili wa kwanza kuingia asitumbukie gizani. Kwa kawaida ni ya usiku mmoja. Safari ile, katika majumba mengi, iliwaka miezi na miezi mbele ya viti vitupu, ikimngoja mtu aje kuizima.